Toa Kwenye Hamsini

Miaka ile Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na mambo yalikuwa yanafunguliwa ovyo ovyo, kila mtu na lake. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake sasa ilikuwa na wanunuzi wengi, kila mmoja na mzani wake. Duka la ushirika lililouza majembe na khanga lilikufa, na chumba chake akakipanga dada mmoja kutoka Mwanza aliyekuja na kompyuta mbili na jenereta. Ukutani akaandika kwa rangi nyekundu: INTANETI. Sisi walimu wa sekondari mpya ya kata ndio tulikuwa wateja wake wakubwa, kwa sababu hatukuwa na kitu kingine.

Nilifika shuleni hapo baada ya kidato cha sita na mafunzo ya wiki chache, nikiwa na Historia, Jiografia na Kiswahili kichwani. Siku ya kikao cha kwanza mkuu wa shule aliuliza nani aliwahi kusoma Kemia. Nikanyoosha mkono. Kweli niliisoma, lakini niliiacha kidato cha pili, na sehemu hiyo ya habari niliimeza. Nilikuwa kijana, nina kiherehere, na nilipenda kuonekana. Kuanzia siku hiyo nikaitwa mwalimu wa sayansi, na jina likanikaa.

Maabara haikuwepo. Kitabu cha Kemia kilikuwa kimoja, hakina jalada, na kurasa nyingi zilikuwa zimechanwa na watu waliotangulia, sijui walizifanyia nini. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipanda baiskeli hadi kwenye ile kafe ya intaneti. Naomba nisijidharau kupita kiasi: mengi niliyoyapata kule yalikuwa mazuri. Nilijifunza kwamba maua ya choya yakichemshwa hutoa maji yanayobadilika rangi, mekundu kwenye asidi na ya kijani kwenye besi. Wanafunzi wakaleta choya, wakaleta ukwaju uwe asidi yetu, wakachoma miti ya pamba iliyobaki mashambani na kuchuja majivu yake yawe besi. Darasa zima lilinuka moshi na uchachu. Niliwaona wanashangaa, nami nikajiona mwalimu kweli.

Kati yao alikuwepo msichana mmoja kutoka Migato, aliyepanga chumba na wenzake jirani na shule na kwenda kwao mwisho wa mwezi. Alitaka kuwa muuguzi, hakuna zaidi. Hakuwa na kipaji cha ajabu. Alikuwa na usikivu. Ukisema jambo analiandika, akishaliandika analishika, na wiki tatu baadaye anakurudishia neno kwa neno. Biolojia aliiweza. Chuo cha uuguzi kilidai na Kemia pia, na Kemia ilikuwa mimi.

Mama yake alikuja mara moja, msimu wa kuvuna, mikono imechanwa na vikonyo vya pamba.

"Mwadila, mwalimu," alinisalimu.

"Mwadila, mayu. Karibu."

Alikataa kiti. "Mimi kusoma sijui," akasema. "Wananiambia hiyo Kemia ndiyo inamzuia ama inampitisha. Basi mimi nimemleta kwako. Akikosea, mchape. Wewe mfundishe tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Maneno hayo niliyatoa kirahisi sana, kama mtu anayekaribisha chai.

Mwaka huo tukaambiwa kidato cha nne wetu watafanya praktiko yenyewe, kwa vifaa, na si ule mtihani wa kujieleza kwenye karatasi. Vifaa vingeazimwa kwenye shule kongwe ya mbali na kuletwa asubuhi ya mtihani. Praktiko kubwa ya Kemia ni titresheni. Unadondosha asidi kidogo kidogo kwenye besi mpaka rangi igeuke, kisha unasema umetumia asidi kiasi gani. Asidi inakaa kwenye bureti, na bureti mimi sikuwahi kuiona.

Nikaenda kafe. Ukurasa ulipatikana, maelezo mengi na picha nne. Maandishi yalishuka upesi, lakini picha zilikuwa zinajichora mstari mmoja mmoja toka juu, na jenereta lilikuwa limeanza kukohoa. Yule dada akainama juu ya bega langu.

"Mwalimu, hizi picha zitakula muda wako wote. Nizizime upate maandishi?"

"Zima," nikasema.

Karatasi zilizotoka kwenye printa zilikuwa na maneno safi kabisa, na mahali pa picha palikuwa na visanduku vinne vitupu, kila kimoja na alama ndogo ya X pembeni. Nilisoma kwamba bureti ni bomba jembamba lenye alama hadi hamsini, na koki chini. Nikasema hilo si tatizo. Nikaenda kwa bwana mifugo, akanipa mabomba ya sindano za ng'ombe, yale makubwa ya ujazo wa hamsini, yaliyokwisha kazi ya chanjo. Nesi mmoja akanipa mipira ya dripu iliyopitwa na muda. Ukitoa mchi wa bomba, ukalisimamisha, ukachomeka mpira ule chini wenye kigurudumu cha kubana, asidi inadondoka tone kwa tone. Wanafunzi walishangilia. Hakuna mtoto wa kule asiyejua kusoma bomba la ng'ombe. Sifuri iko chini kwenye mdomo wa sindano, hamsini iko juu.

Karatasi ilisema usome mwanzo, usome mwisho, utafute tofauti. Nikaona hayo ni maneno mengi mno kwa watoto wanaoogopa mtihani. Kwenye semina moja tulikuwa tumefundishwa kurahisisha, kugeuza kanuni iwe wimbo. Basi nikarahisisha. Jaza hadi hamsini, soma kilichobaki, toa kwenye hamsini. Tuliimba darasani, tukaimba tukifagia, na vidato vya chini wakaudaka bila kujua maana yake. Mkuu wa shule alipita dirishani akicheka, akawaambia wageni wa wilaya kwamba ana mwalimu anayevuta elimu kutoka kwenye intaneti. Wale wavulana wawili watatu wa nyuma, waliokuwa wakisinzia na kutoroka vipindi, niliwafukuza nje wasituharibie wimbo.

Asubuhi ya mtihani, pikapu ilileta masanduku. Wanafunzi walikuwa wameshaketi kwenye chumba cha jirani wakisubiri kuitwa, na msimamizi kutoka shule nyingine alikuwa ametangaza kwamba mwalimu wa somo haruhusiwi kuongea nao. Fundi wa maabara aliyekuja na vifaa alikuwa anapima dawa. Mimi nikapewa kazi ya kutoa bureti kwenye masanduku, zimezungushiwa pamba zisivunjike. Nikaichukua ya kwanza, nikaifuta kwa shati.

Sifuri ilikuwa juu.

Nikadhani nimeishika kichwa chini. Nikaigeuza, koki ikaja juu. Nikaigeuza tena. Sifuri juu, hamsini chini, karibu na koki. Nikafungua ya pili, ya tatu, nikazitoa zote kwa pupa hadi fundi akaniambia taratibu mwalimu, kioo hicho. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtoto wa kidato cha tatu kwenye shule yenye maabara analijua: bureti haikuonyeshi kilichobaki, inakuonyesha kilichotoka. Namba unayoisoma mwisho ndiyo jibu. Mtu akiitoa kwenye hamsini, ameliharibu.

Nilikuwa na robo saa. Nataka nieleze robo saa ile bila kujipamba. Ningeweza kumwendea msimamizi na kusema: nimewafundisha vibaya, niruhusu niwaambie sentensi moja mbele yako. Labda angekataa. Labda angekubali, alikuwa mzee mwenye uso mpole. Lakini alikuwa amesimama na mkuu wangu wa shule, na ili niseme hayo ilibidi niseme pia kwamba sijawahi kushika bureti maishani mwangu. Nikawaendea. Wote wawili wakageuka kunisikiliza.

"Maji yatatosha?" nikauliza.

"Yatatosha," akasema mkuu.

Wanafunzi wakaingia. Mimi nikakaa nje, chini ya dirisha, halafu nikashindwa kukaa, nikasimama. Yule msichana wa Migato alikuwa meza ya tatu. Alimimina asidi kwa mkono usiotikisika, akafungua koki vizuri, tone kwa tone, kama nilivyomfundisha. Rangi ikageuka. Akainama kusoma, na akakaa ameinama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye kioo toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu. Halafu akainua uso, akatazama dirishani, akaniona.

Nikatazama viatu vyangu. Nilipoinua macho alikuwa anaandika.

Alipotoka alinikimbilia, ameshika rula na kalamu, uso unang'aa.

"Shikamoo mwalimu. Yale mabomba ya kioo yamekosewa kiwandani, namba wamezigeuza! Wenzangu wengine walibabaika."

"Wewe ulifanyaje?"

"Ilisoma ishirini na moja. Nikakumbuka, nikatoa kwenye hamsini, nikapata ishirini na tisa. Majaribio yote matatu. Ni sawa, mwalimu?"

"Umefanya vizuri," nikasema.

Matokeo yalipokuja niliyasoma peke yangu ofisini kabla hayajabandikwa. Wavulana wale wa nyuma, niliowafukuza kwenye wimbo, waliandika walichokiona kwenye kioo, wakafaulu Kemia. Walionisikiliza walianguka, na aliyenisikiliza kuliko wote alipata F. Nilitamani nichane karatasi ile. Niliibandika, nikaenda nyumbani, nikajifungia, nikalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Siku hizi nina simu inayofungua video ya bureti kabla sijamaliza kuandika neno lenyewe. Walimu vijana wa mkoa mzima wa Simiyu hunipigia kuomba mbinu za kufundishia, na mimi huwapa. Huwaambia wasizime picha. Hawanielewi, wanadhani naongea mambo ya bando.

Yule msichana alirudi shuleni mara moja tu, kuchukua cheti. Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku akija nitamweleza yote, na maneno nilikuwa nimeshayapanga. Alikuja na mama yake. Mama alinisalimu, akabaki mlangoni, na kikapu cha viazi alichoniletea akakiweka chini karibu na miguu yangu. Binti akaingia, akapiga goti kama wanavyofanya kwao mbele ya mkubwa, na hakuniangalia usoni.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Ulijitahidi sana na sisi. Mimi ndiye nimekuangusha."

Mama yake, pale mlangoni, akaitikia kwa kichwa.

Nikamwambia ainuke, haidhuru, nimemsamehe.