Katuni Iliyozimwa Kisegi

Jumamosi, kwenye ukumbi wa video pale Kisegi, watoto walikuwa wakitazama filamu ya katuni, ile ya kipindi wanachokipenda kwenye runinga. Mashujaa wamenaswa pangoni, maji yanapanda. Tukaingia sisi wanaume, na mwenye ukumbi akaizima.

"Watoto, tokeni. Wazee wanataka mpira."

"Na wale wako kwa pango?" msichana mmoja akauliza.

"Wataokolewa. Endeni nyumbani."

"Kwani umeiona mpaka mwisho?"

Akamwonyesha mlango kwa rimoti.

Walikuwa wamelipa kiingilio kama sisi. Na ndio hao hao tunaowakemea kila siku eti hawamalizi wanachoanza. Nilikasirika kweli. Kisha mpira ukaanza, nikaketi kwenye benchi lao, likiwa bado na joto.