Mume wangu anatetemeka, na mimi ndiye niliyechagua gari

Admin, naomba ufiche jina langu na la mume wangu, maana wajukuu wetu wanafuata ukurasa huu.

Wasomaji, mimi ni mwanamke wa karibu miaka tisini, mwalimu mstaafu. Moyo wangu umechoka, na daktari ameniambia nisipange mambo ya mbali. Hapa nyumbani Jinja tuko wawili, mimi na mume wangu, ambaye mikono yake inatetemeka kiasi kwamba namlisha kwa kijiko. Ninachoandika leo sijamwambia mtu, hata padri.

Yeye ni Msoga wa Buwenge, mimi ni Mgisu wa milimani, juu ya Mbale. Kwao na kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja, hawagusani, hawapandi gari moja. Anayevunja mwiko huo, watu husema atashikwa na obuko, yaani kutetemeka mpaka kaburini.

Miaka ya hamsini, tukiwa wapya katika ndoa, tulitafuta gari lililotumika, la bei tunayoiweza. Mwishoni yalibaki mawili. La kwanza lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, la Mhindi mwenye duka la vitambaa hapa Jinja. Mume wangu alilijaribu kama anayetahini mwanafunzi. Alitandaza gazeti chini ya injini aone kama oili inavuja. Akalipeleka kwenye vumbi la barabara ya Buwenge, akaachia usukani kidogo aone kama linavuta upande. Kwenye mteremko wa Masese akakanyaga breki ghafla, kofia yangu ikaruka mpaka kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimeshalipenda, viti vyake na hata harufu yake. Mwenye gari alinitazama akacheka.

"Bwana, unasumbua gari bure. Mama amekwisha penda, basi gari imekwisha nunuliwa."

Jumamosi iliyofuata tukaenda Mbale kuona la pili, pikapu ya Kalasinga mwenye kiwanda cha mbao. Mlimani ilikuwa na nguvu kuliko lile dogo, lakini ilipiga kelele na kiti chake kilikuwa kimetoboka. Mume wangu akafunga turubai nyuma ya dereva, akaniomba nipande nyuma nilale juu ya magunia. Akaendesha huku akichungulia kwenye kioo.

"Unaniona?" nilipiga kelele.

"Sikuoni hata kidogo, Mwalimu! Vizuri kabisa!"

Tuliporudi, Kalasinga akamuuliza, "Bwana, wewe unanunua gari ama unanunua kitanda?"

Nilishuka gauni limejaa unga wa mbao, machozi yananilenga. "Nimesomea ualimu ili nibebwe kama gunia?"

"Si wewe," alisema taratibu. "Ni mama yako. Akiugua, tutambeba vipi kwenye kile kigari? Hapa angalau kuna ukuta kati yetu."

"Mama yangu hajaugua hata mafua. Tumekuja kununua gari, hatukuja kununua machela."

Kalasinga akacheka sana. Mume wangu akaona haya, na tukanunua lile dogo.

Msimu wa mvua uliofuata tulikwenda kwetu kusalimia. Kama kawaida yake, alibaki barabarani karibu na gari, ameipa nyumba mgongo, mvua inamnyeshea. Ndani nilimkuta mama amejikunja sakafuni, tumbo gumu kama ubao, hanitambui. Hakukuwa na gari jingine mlima mzima. Nikamviringishia blanketi mpaka usoni, na majirani wawili, ambao sasa wote ni marehemu, wakanisaidia kumbeba hadi garini.

"Nani huyo?" mume wangu aliuliza.

"Ni jirani. Mama yuko ndani, anakusalimu."

Sijawahi kumwona akiendesha vile. Kila shimo alilipita polepole, akisema bila kugeuka, "Vumilia, mama. Tunafika, mama." Tulipofika hospitali hapakuwa na mtu wa kutupokea. Kabla sijashuka, alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na kumbeba mikononi, kichwa cha mama kimelala begani mwake. Ningeweza kusema neno moja. Sikusema.

Mama alipasuliwa, akapona, akaishi miaka mingi, akafa bila kujua nani alimbeba. Mume wangu naye mpaka leo anaamini alimbeba jirani.

Daktari anasema kutetemeka kwa mume wangu ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaowapata wazee duniani kote. Mimi namwamini daktari. Mume wangu anaviacha vidonge mezani, anasema vidonge haviponyi obuko. Mwezi uliopita wazee wa ukoo wake walikuja. Wakamwambia tambiko la kumtakasa lipo, ila lazima ataje kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe. Akajibu kwamba hana. Wakatazamana, na mmoja akatamka mlangoni kwa sauti ya kusikika, "Mzee mzima, bado anadanganya." Aliyesemwa hivyo ni mtu aliyenyeshewa barabarani miaka yote kwa heshima ya mama yangu.

Nikimwambia, nahofia atajiona mchafu, na hofu hiyo imuue kabla ya ugonjwa. Nikinyamaza, atakufa akiitwa mwongo na watu wake.

Jumapili, tuliporudi kutoka misani, alinishika mkono, na wangu ukatikisika pamoja na wake. Akasema, "Mwalimu, nimekubali. Lazima nilimkosea mama yako mahali fulani, uzee tu umenisahaulisha. Wewe ni mtoto wake. Nisamehe wewe kwa niaba yake."

Nikamjibu, "Nimekusamehe."

Alilala vizuri usiku ule. Mimi sijalala tangu siku hiyo. Wazee wanarudi Jumamosi, naye anatafuta kosa la kuwaambia. Asubuhi hii ameniomba nimsaidie kukumbuka. Wanangu, nimwambie kabla hawajafika, au nife nalo? Nishaurini, peke yangu siwezi tena.