Mama Mkwe Kashika Mguu wa Kulia

Naona aibu hata kuwasimulia, lakini najua mke wangu atawasimulia vibaya zaidi, kwa hiyo acheni nianze mimi. Siku Nekesa alipokuwa anajifungua mtoto wetu wa kwanza hapa Toronto, mama yake alikuwa ametoka Bungoma kuja kutusaidia, na kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni (kwenye nyumba yetu ya Rexdale tulikuwa tukisalimiana mlango ukiwa umefungwa), sasa hospitalini tukawekwa chumba kimoja, tena kidogo, nami nikaamua jambo dogo tu, kumpa mgongo.

Nekesa alikuwa amechomwa ile sindano ya ganzi ya mgongoni, miguu haisikii kitu, na mimi kwa udadisi wangu nikamuuliza nesi maswali mpaka akavuta kiti. Mbona njia imeshafunguka yote na hasukumi? Akasema tumwache kwanza alale ubavu, mtoto ashuke mwenyewe, asimalize nguvu bure. Na atajuaje uchungu umekuja kama hausikii? Akanionyesha mashine: mstari ukipanda, ndio wakati. Nikajiona nusu daktari.

Wakati wa kusukuma ulipofika, nesi akasema kila mmoja wetu ashike mguu. Mama mkwe akashika wa kulia. Mimi nikaubana wa kushoto kwapani, nimegeukia ukutani kama mtu anayehamisha kochi, macho kwenye mashine, na nesi alipoenda kuvaa glavu nikaona mstari umepanda, nikasema sukuma. Akasukuma. Ukapanda tena, sukuma. Nekesa anahema, jasho linamtoka, ananiuliza, "Kwani huu uchungu haupumziki?"

Nesi akageuka. "Nani anamwambia asukume?"

Nikaonyesha mstari. Akanieleza taratibu kwamba huo wa juu ni moyo wa mtoto, uchungu ni ule wa chini. Nekesa alikuwa amelegea, mtoto bado, nami nikaogopa kweli kweli.

Ndipo mama mkwe akasema, "Mwanangu, mtoto wako anakuja na wewe unaangalia ukuta. Geuka."

Nikageuka. Tukatazamana, mguu huku, mguu kule. Nesi akamwacha Nekesa apumzike vya kutosha, kisha akampa ishara yeye mwenyewe, na binti yetu akatoka na nywele tele, mama mkwe analia, mimi nalia, mbele ya kila mtu.

Wazee wa nyumbani wameshanipigia simu wakidai kondoo wa kunitakasa, na nitamtoa. Ila nimeapa: wa pili akija, mashine nawaachia wenyewe, nami namtazama mke wangu, hata kama ukoo mzima wa wakwe umesimama nyuma yake.