Kile Alichotaka Rejea

Kazini walimwita Rejea, naye aliitika. Jina lilitokana na barua zake, ambazo zote zilianza kwa "Rejea barua yako", hata pale mteja alipokuwa hajaandika barua yoyote bali amekuja mwenyewe, jasho likimtiririka, kuuliza kwa nini bomba lake linatoa upepo. Alikuwa mwandishi wa majibu katika idara ya maji. Meza yake ilikuwa ya mwisho kabla ya chumba cha mafaili, chini ya feni iliyozunguka kwa kujivuta, na kwa zaidi ya miaka ishirini malalamiko ya mji ule yaliingia mikononi mwake yakiwa ya moto na kutoka yakiwa yamepoa.

Huo ndio uliokuwa ufundi wake. Barua pale haikutoka siku iliyoandikwa. Ilipanda kwa mkuu wa kitengo, ikapanda kwa meneja msaidizi, ikapanda kwa meneja, na kila mmoja alikata neno ambalo lingeweza kumponza. "Tutakuja Jumatatu" ikawa "mafundi watafika". "Mafundi watafika" ikawa "suala linashughulikiwa". Rejea alijifunza mapema kuyakata mwenyewe kabla hawajamkatia. Barua zake zilipanda ngazi na kushuka bila alama ya wino mwekundu, na alijivunia hilo kama mwashi anavyojivunia ukuta ulionyooka.

Kisha bibi mmoja mwenye duka alifika kaunta na barua ya Rejea mkononi.

"Mwanangu," alimwambia mhudumu, "nimeisoma. Mjukuu wangu ameisoma. Mpangaji wangu ni wakili, naye ameisoma. Sasa niambie kwa mdomo: maji mnanikatia au hamnikatii?"

Watu wa foleni walicheka. Meneja, aliyekuwa akipita, hakucheka. Baada ya wiki chache tangazo likabandikwa: wote wanaowaandikia wateja watahudhuria mafunzo ya uandishi katika ukumbi wa juu.

"Wanampeleka samaki shule ya kuogelea," alisema mhasibu, jirani wa meza wa Rejea, mtu mnene asiyejua kunyamaza.

"Acha kwanza tukaone maji yenyewe," Rejea alijibu.

"Na shemeji yangu anarudi lini?"

"Mkataba haujaisha."

"Mkataba gani huo unaozaa? Mkunga ni yeye au ni mkataba?"

Rejea alicheka kwa adabu, akarudi kwenye karatasi zake.

Mkewe alikuwa mkunga kweli. Miaka kadhaa nyuma alipata kazi katika hospitali kubwa ya nchi ya mbali, watoto wakiwa vyuoni na ada ikiwa shingoni, na wote wawili walikubaliana kwamba aende amalize mkataba mmoja, arudi. Watoto walihitimu, wakapata kazi, wakahama. Mkataba uliongezwa, ukaongezwa tena. Kila mara mke aliuliza kabla ya kusaini: "Wanasema niongeze. Wewe unaonaje?" Na kila mara mume alijibu.

Nyumba ilibaki na Rejea. Alilala upande wake wa kitanda, hakuvuka kati hata wakati wa joto. Alinunua mkate mzima kwa mazoea, akala nusu, nusu nyingine ikaota ukungu. Bafuni, kwenye msumari wa pili, ilining'inia taulo ya mkewe. Kila mwezi aliifua, ingawa hakuna aliyeitumia, akaianika uani, ikakauka, akairudisha pale pale. Jirani alipomwambia aoe msichana wa kumpikia, alijibu kwamba anajua kupika. Jirani akasema hakuwa anazungumzia chakula. Rejea akasema hata yeye.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuhariri gazeti, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, sauti yake ya chini kiasi kwamba ukumbi ulilazimika kutulia. Rejea alikuwa amejiandaa kwa somo la nukta na mkato. Hakulipata.

"Kila mnachoandika," alisema, "kuna mtu anataka kitu, na kuna mtu anayeweza kukitoa au kukinyima. Mkiona haya kusema mnachotaka, mtazunguka. Msomaji atazunguka pamoja nanyi, kisha atachoka aende zake."

Akawaambia watoe simu. Kila mmoja atafute ujumbe wa mwisho aliomwandikia mtu aliyemtegemea kwa jambo fulani, aunakili kwenye karatasi, halafu apige mstari chini ya kile anachokitaka.

Rejea alitafuta ujumbe wa kikazi. Wa kwanza kutokea ulikuwa wa Jumapili, kwa mkewe. Mkewe alikuwa ameuliza tena: mkataba mpya uko mezani, unaonaje? Jibu la Rejea lilikuwa hili: "Ujumbe wako umepokelewa. Kuhusu suala la mkataba, huku hakuna pingamizi. Mengine yanaendelea vizuri. Nakutakia kazi njema."

Aliunakili kwa mwandiko wake mzuri. Akashika kalamu. Akasoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu, kalamu ikielea.

Mwalimu alisimama pembeni yake. "Umepata?"

"Hakuna."

"Hakuna ujumbe?"

"Ujumbe upo. Ninachokitaka ndicho kisichomo."

Mwalimu aliangalia karatasi, na kama alielewa, hakuonyesha. "Basi andika upya," alisema, akaenda kwa mwingine.

Wenzake waliposhuka kula, Rejea alibaki kwenye ngazi za nyuma, karibu na ndoo za usafi. Aliandika "Kufuatia ujumbe wangu wa Jumapili", akafuta. Aliandika "Ingekuwa vyema endapo", akafuta. Mkewe aliondoka kwa ajili ya familia, na yeye aliamini kwamba mume muungwana hamkatizi mke safari. Mwanzoni ilikuwa heshima. Baadaye ilikuwa woga, lakini maneno yalikuwa yale yale, kwa hiyo hakuona heshima na woga vilipobadilishana zamu.

Mwishowe aliandika: "Naomba usiongeze mkataba. Naomba urudi nyumbani. Nimechoka kukaa bila wewe."

Akausoma akitafuta neno linaloweza kumponza. Yote yangeweza. Akautuma.

Simu iliita katikati ya somo la alasiri. Alitoka nje ya ukumbi akaegemea ukuta wa ujia.

"Simu yako iko kwa nani?" mkewe aliuliza, bila salamu.

"Iko kwangu."

"Huu ujumbe kaandika nani?"

"Mimi."

"Wewe, baba watoto wangu?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Kwa mbali Rejea alisikia magurudumu ya kitanda cha wagonjwa.

"Nimeshasaini," mkewe alisema. "Jana."

Rejea aliondoa mgongo ukutani.

"Nilikuuliza, ukaniambia huko hakuna pingamizi. Nikajisemea, mtu ameshazoea. Nyumba imekuwa yake. Nikirudi nitamsumbua."

"Nilidhani nikikuambia urudi nitakuwa nakuzuia."

"Ungenizuia. Nilikuwa nangoja kuzuiwa. Mara ya kwanza nilingoja. Mara ya pili nilingoja huku nimeanza kugawa vyombo, nikaja nikavifuata tena mlango kwa mlango kama mwehu."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Rejea aliuliza kama mkataba unaweza kufutwa. Mkewe akamwambia sharti lipo ukurasa wa mbele: lazima nusu mwaka upite ndipo aruhusiwe kutoa taarifa ya kuondoka. "Wenyewe huku wanaandika wazi," aliongeza. "Nikitoa taarifa, nitakuja. Ila nitataka kuulizwa tena. Na tena. Sitaki uniombe mara moja halafu unyamaze."

"Sawa."

"Sawa nini? Endelea. Niko kwenye mapumziko ya chai. Unataka nini kingine?"

Mtu aliyewajibu wakazi wa mji mzima alitazama sakafu. "Nataka kukusikia ukinung'unika jikoni," alisema taratibu. "Nataka mtu wa kuniambia shati halijanyooka. Nataka tugombanie dirisha, wewe ukilifungua, mimi nikilifunga."

Mkewe alicheka, halafu kicheko kikakatika, akapenga kamasi. Upande wake mtu aliita kwa lugha ambayo Rejea hakuielewa.

"Kuna mama amefika, yuko karibu kujifungua," alisema. "Usikate. Naja."

"Nenda."

"Nimekwambia usikate."

Simu ya mkewe ikatumbukia mfukoni. Rejea alisikia kitambaa kikisuguana, kisha hatua zake, zile za haraka zenye kuburuza kisigino cha kushoto, zikipita kwenye ujia mrefu ambao hajawahi kuuona. Mlango ulisukumwa. Sauti ya mkewe ikawa laini, ikimsemesha mwanamke mwingine maneno ya kigeni, polepole, ikiyarudia.

Mhasibu alichungulia kutoka ukumbini. "Rejea, mwalimu anakuita. Ni wewe sasa kusoma."

Rejea aliinua kiganja kumsihi amwache, akaibana simu sikioni kwa mkono mwingine, akaendelea kusikiliza.