Kompyuta Iliyofaulu kwa Wastani

Saa tisa alasiri, bati linaunguza, na Mama Bomba anapanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa la zahanati. Huko kuna bomba jembamba la kuvuta hewa na mashine inayopima ozoni, hewa kali isiyoonekana ambayo jua huipika kutokana na moshi wa magari na viwanda.

Anasoma namba, anaiandika daftarini, anasonya.

Mashine inasema 112. Kompyuta ya makao makuu, inayotabiri hewa ya mkoa mzima wakati wa kiangazi, ilisema 61. Kikomo cha usalama ni 70.

"Hiyo kompyuta haijawahi kupanda huku," anasema. "Ndiyo maana haikohoi."

Fundi huyu wa vipimo, mjane wa miaka 52, ana mjukuu mwenye pumu. Shule ya mtoto iko ng'ambo ya barabara, na michezo ya alasiri hufuata utabiri. Mwezi uliopita utabiri ulisema hewa ni safi. Mtoto akakimbia mizunguko miwili. Wa tatu aliumalizia kitandani zahanati, chini ya bomba la bibi yake.

Wiki hiyohiyo ripoti ikatoka: kompyuta imejaribiwa, imefaulu.

Mama Bomba akampigia simu mtaalamu aliyeiandika. Kijana, kwa adabu zote, akasema labda mashine imezeeka. Akajibiwa kwamba aliyezeeka ni mwenye mashine; mashine yenyewe husahihishwa kila Jumatatu. Ndipo kijana akakiri kwamba walilinganisha wastani wa siku nzima tu, wa utabiri na wa vipimo. Usiku kompyuta huzidisha, mchana hupunguza. Ukichanganya, inatoka safi kama pamba.

"Mwanangu," alimwambia, "marehemu mume wangu alikuwa na kipara, mimi nina nywele. Kwa wastani kila mmoja wetu ana nusu kipara. Nani aliwahi kutuona hivyo?"

Daftari lake lina saa tisa tu, siku arobaini. Siku 33 kompyuta ilitabiri chini mno. Hakuna aliyewahi kuliomba.

Akishuka, anampigia mwalimu wa michezo: leo watoto wabaki ndani. Kwa simu kama hiyo, inayopinga utabiri, wakubwa wake wameshampa barua ya onyo. Anayo mfukoni, imekunjwa mara nne.

Alhamisi atalipeleka daftari makao makuu, mkononi.

"Waipe mtihani wa saa tisa. Ikifeli, irudie darasa. Mimi nilirudia la tano na sikufa. Ila mjukuu wangu hana mapafu ya kurudia."