Nilimwita muuza sabuni tapeli, kumbe chokaa ilikuwa ndani ya maji yangu

Salamu wakuu. Haya yamenitokea mwenyewe huku Magogoni, na wallahi sijaongeza hata neno.

Mimi ni dobi. Mifereji ilipokauka mtaani nikahamia maji ya kisima. Yalikuwa maangavu, hata sisimizi ungemwona kwenye kitako cha ndoo.

Lakini povu hakuna! Namaliza mche mzima wa sabuni, napata utando mzito tu, na kanzu nyeupe zinatoka za kijivu.

Hasira zikanipanda. Nikaenda kwa Bi Zuhura, mwenye duka la sabuni, nikamwita tapeli mbele ya wateja wake. Tangu siku hiyo salamu zikakatika, na iliniuma, maana ndiye aliyeniletea wateja wangu wa kwanza.

Juzi akaja mwalimu wa kemia na koti lake la maabara nililomfulia, limefubaa. Nikajua nimekwisha.

"Maji wateka wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kisima. Akacheka, akanituma nikanunue magadi, haya haya tunayopikia kunde.

Akayayeyusha kwenye gilasi, akayachuja kwa kitambaa. Maji safi. Akachota ya kisima, safi vilevile. Akayachanganya.

Wakuu, nilipiga kelele! Palepale yakawa meupe pepepe, kisha unga ukaanza kutua chini.

"Hiyo ni chokaa," akasema. "Kisima kina chumvi za kalsiamu zilizoyeyuka, huzioni. Zikikutana na sabuni, zinakula povu. Zikikutana na magadi, zinaungana nayo, haziyeyuki tena, zinazama."

Nikatia magadi kwenye pipa la maji ya kisima, nikaacha yatulie, nikachota ya juu. Povu hadi viwikoni! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sikungoja nguo zikauke. Nikabeba gilasi mbili, moja ya magadi na moja ya kisima, hadi kwa Bi Zuhura, nikarudia yote mbele ya wateja.

"Nisamehe, Bi Zuhura. Sabuni yako haina kosa."

Akautazama ule unga.

"Na magadi umenunua wapi?"

Nikakiri kwamba, kwa kumwonea aibu, nilinunua duka la pili.

"Basi hujaniomba radhi bado," akasema, mkono tayari uko kwenye gunia la magadi.

Nilibeba kilo mbili, nimefurahi mno.

Nilichojifunza: maji kung'aa si kwamba hayana kitu, na kabla hujamvunjia mtu heshima, uliza kwanza. Nyie wa Likoni na Changamwe, visima vyenu vinatoa unga? Jaribuni mniambie.

Mimi kesho napita dukani kumwamkia, hata kama sabuni ninayo.