Siagi Kwenye Lenzi, Siku ya Koito ya Dada Yangu

Kosa ni langu. Kamera haina hatia, siagi haina hatia, na jamani, msije mkamlaumu nyanya yangu! Naandika bila jina kwa sababu huku Roret nimeshapewa jina lingine, na mtalisikia.

Bonasi ya majani chai ndiyo iliyonipoteza. Wenzangu walinunua ndama, wengine mabati. Mimi nikanunua kamera. Si ile ndogo ya wanaoanza, wala si ile kubwa ya watu wa magazeti. Ni ya katikati, ile ya kubadilisha lenzi. Nilirudi nyumbani nimeivaa shingoni kama kengele ya ng'ombe.

Na wacha niseme ukweli, ni kamera nzuri! Betri inamaliza siku nzima na bado inadai kazi. Ukivuta lenzi unamwona mchumaji aliye ng'ambo ya bonde, mpaka unajua anatafuna nini. Ukibonyeza inalia "kacha!" na kila mtu anakaa wima. Sauti hiyo ndiyo iliyonipandisha kichwa. Watu wa kupiga picha na simu nikaanza kuwahurumia.

Ubaya wake? Ni nzito, shingo iliniuma wiki nzima. Kidirisha cha nyuma ni kidogo, na juani huoni kitu. Tena kinadanganya! Picha yoyote ukiitazama pale inaonekana safi. Hilo lishikeni, nitalirudia kwa machozi.

Dada yangu Chelangat alipata mchumba kutoka Mogogosiek, siku ya koito ikawekwa. Kwa asiyejua, koito ni siku wazee wa pande mbili wanapokaa kuongea mahari. Wakielewana, watu wanapakwa siagi kichwani. Kwetu anayepaka ni Kogo, nyanya yetu.

Sasa, Kogo hapendi picha. Picha yake ya pekee ni ya kitambulisho, na pale amenuna. Chelangat akamwomba akubali kupigwa mara moja tu, wakati akimpaka siagi, ili aende na picha hiyo kwake. Kogo alifikiria siku tatu.

"Moja tu," akasema. "Mimi sirudiangi."

Asubuhi ya koito nilichukua kikapu cha kuchumia chai, nikasimama mlangoni, nikakusanya simu za watu! Ndiyo, mimi! Nikawaambia simu zinaharibu picha na leo kuna kamera ya ukweli. Kikapu kilijaa, nikakitundika kwa msumari.

Chelangat akanivuta kando. "Na hiyo kitu yako ikikataa?"

"Haiwezi kataa, sis. Hii si simu."

"Haya. Kogo amesema moja tu. Iko kwa mikono yako."

Wazee wakaongea, wakanyamaza, wakaongea tena. Mimi nao, kacha, kacha! Mzee mmoja wa upande wa kijana akauliza kama hicho kitu hakiwezi kukoholea nje. Mwishowe wakaelewana, Kogo akasimama na bakuli la siagi. Akapaka wageni, akapaka wazee wetu, akafika kwangu. Akanipaka kichwani, vizuri. Halafu akaitazama kamera kifuani.

"Na huyu? Si huyu pia ni mgeni?"

Kabla sijafungua mdomo, akadidimiza kidole gumba chake katikati ya lenzi. Nyumba nzima ikashangilia!

Huku kwetu baraka ya mzee haipanguswi mbele yake. Nikageukia ukuta, nikajifanya narekebisha kitu, nikapangusa haraka kwa kola ya shati. Kola yenyewe ilikuwa imelowa siagi iliyotiririka kutoka kichwani! Nikapiga picha ya kujaribu, nikatazama kidirisha. Ilionekana safi, hata ina ulaini fulani wa sinema.

Lakini lenzi yenyewe ilikuwa bado ina mafuta. Nilijua, ndugu zangu. Hapo ndipo ungamo langu lilipo: nilijua! Ningesema tu, "Ngojeni kidogo, leteni simu moja." Maneno matano! Nikaangalia kile kikapu mlangoni, nikakumbuka nilivyojitapa, nikainua kamera.

Kogo akampaka Chelangat. Akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akacheka. Kogo, mbele ya kamera, akacheka! Kacha.

Kesho yake tulifungua picha hiyo kwenye kompyuta ya saiba, kile kibanda cha intaneti pale sokoni. Ukungu! Palikuwa na vivuli viwili, kimoja labda Kogo, kingine labda mlango. Chelangat akasogeza uso karibu na kioo.

"Hata meno haionekani," akasema, akatoka nje.

Hakuniongelesha mwezi mzima. Nililia katikati ya majani chai mtu mzima mimi, sioni haya kusema. Na binamu zangu wakanibatiza Studio Ukungu.

Aliyeniokoa ni Shangazi. Jumapili moja alikuja na simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka, akaniwekea mkononi. Siku ya koito alikuwa ameificha ndani ya soksi.

"Mimi nipeane simu yangu kwa kikapu ya majani? Aka!"

Kwenye simu, Kogo anacheka, na meno yake yote manne yanahesabika. Chozi la Chelangat unaliona likiteremka. Niliipigia magoti ile simu!

Picha hiyo sasa iko ukutani Mogogosiek. Fremu nilinunua mimi, na Chelangat amenisamehe. Kitu kimoja tu alikataa, nisiikate pembeni. Kwa sababu kule pembeni niko mimi, nimepiga goti, jicho moja nimelifunga, najifanya fundi, na siagi inang'aa kwenye lenzi.

Wewe uliye na kamera, nakusihi: tembea na kitambaa safi, usiamini kile kidirisha, na simu za watu waachie wenyewe! Na ukiona mambo yameharibika, sema hapo hapo, hata kama utachekwa. Mimi nilikwepa kuchekwa dakika moja. Sasa kila mgeni anayeingia kwa shemeji yangu anaitazama ile picha, halafu anauliza huyo aliyepiga goti ni nani.

Chelangat humimina chai bila hata kugeuka.

"Huyo? Huyo ndiye alikuwa mpiga picha."